Premio ya 1ZZ inayokula oili: nilivyoamua kufungua injini badala ya kununua nyingine

Gari ni Premio ya mwaka 2003, injini 1ZZ-FE ya lita 1.8. Ilikuwa inakula lita 1 ya oili kila kilomita 700. Vitabu vya Toyota huvumilia hadi lita 1 kwa kilomita 1,000, kwa hiyo hapa mpaka ulishavukwa. Ukiuliza gereji yoyote Dar, jibu ni lilelile: shusha hiyo, nenda Ilala ukachukue injini ya Japani, siku mbili unawasha. Kwa injini nyingi ushauri huo unafaa. Kwa 1ZZ una shimo, na shimo lenyewe liko kwenye pistoni.

Pistoni za 1ZZ za miaka ya mwanzo zina matundu machache na madogo nyuma ya ringi ya oili. Ringi hiyo inakwangua oili ukutani mwa silinda, na matundu ndiyo yanayoirudisha kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Oili ikichelewa kubadilishwa, masizi yanaganda humo, matundu yanaziba, ringi inanata kwenye mfereji wake na oili inabaki ukutani mpaka inaungua. Toyota walibadilisha muundo wa pistoni hizo karibu na mwaka 2005. Sasa fikiria: unanunua injini ya mtumba iliyotoka kwenye gari la 2002. Umenunua ugonjwa uleule, tofauti ni kwamba historia yake huijui.

Kwa hiyo swali halikuwa "nitengeneze au nibadilishe?" Lilikuwa: ndani ya hii injini kimechakaa nini hasa? Ringi na valvu sili (raba zinazozuia oili isishuke kwenye valvu) zinabadilishika. Silinda iliyokwaruzika au krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) iliyoliwa ni habari nyingine.

Nilianza na mambo ya nje, maana oili inayovuja huhesabiwa mara nyingi kuwa imeungua. Niliosha injini, nikaendesha siku mbili, nikaangalia sili ya nyuma ya krenki, gasketi ya kifuniko cha valvu, na o-ringi ya tenshena ya cheni (kikaza cheni), ambayo kwenye 1ZZ ni mahali maarufu pa kuvuja. Palikuwa na unyevu kidogo kwenye tenshena tu. Valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue, niliitoa na kuitikisa. Isipolia imekwama, na ikikwama inaongeza ulaji wa oili. Hiyo badilisha bila kujadiliana, ni kitu cha bei ndogo.

Kisha moshi. Ukitoka mara moja tu asubuhi unapowasha halafu ukaisha, shuku valvu sili. Ukitoka unaposhuka mlima na gia, kisha ukakanyaga mafuta, zinaweza kuwa sili au ringi. Ukifuata gari muda wote unapopandisha mwendo, hizo ni ringi. Langu lilikuwa na dalili ya pili na ya tatu.

Kompresheni niliipima injini ikiwa ya moto, plagi zote nne nje, koili na nozeli zimechomolewa soketi, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, betri ikiwa imejaa. Usipokanyaga mafuta hewa haiingii ya kutosha, na utaihukumu injini nzima kwa kosa lako. Silinda zilisoma psi 172, 170, 175 na 168. Kiwango cha chini kwa injini hii ni psi 145, na tofauti kati ya silinda isizidi 15. Kwa namba hizo fundi wengi wangesema injini ni nzima, na hapa ndipo geji inapodanganya. Ringi mbili za juu ndizo zinazoshika kompresheni. Ya oili ni ya tatu, na inaweza kuwa imenata kabisa bila geji kujua. Tena oili nyingi ukutani inasaidia kuziba, hivyo namba zinapendeza zaidi. Kama namba zingekuwa chini, ningemimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye silinda na kupima tena: zikipanda ni ringi, zisipopanda ni valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi.

Kipimo kilichoamua ni cha presha ya oili. Nilitoa swichi ya presha, nikafunga geji ya mkono. Kwenye mizunguko 3,000 ilisoma psi 52, na kiwango ni kati ya 43 na 78. Kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, ilikuwa juu ya psi 4 kwa mbali, na hiyo 4 ndiyo kiwango cha chini. Hakuna mlio wa kugonga chini. Maana yake krenki na beringi bado zina uhai. Ingekuwa imenoki (inagonga ndani), au presha iko chini ikiwa ya moto, nisingefungua. Ningeenda moja kwa moja kutafuta injini. Bloku ya 1ZZ ni ya alumini yenye silivu nyembamba za chuma zilizoyeyushiwa humo, na Toyota hawatoi pistoni za saizi kubwa kwa ajili yake. Wapo wanaochonga na kuweka silivu mpya. Kazi hiyo inahitaji karakana makini, na gharama yake inaipita injini ya mtumba.

Niliandika orodha mbili. Bei sizitaji kwa sababu spea hizi zinapanda na kushuka na dola. Ya kufungua: pistoni nne za muundo mpya, seti ya ringi, gasketi seti, valvu sili 16, beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki), taimingi cheni na tenshena na mikono yake, oili, filta, silikoni, ufundi. Ya kubadilisha: injini, maunti zilizochoka, sili ya nyuma ya krenki (usifunge injini ya mtumba bila kuibadilisha ukiwa gia boksi iko pembeni), oili, kulanti, ufundi, na usumbufu wa kadi. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha lazima taarifa zirekebishwe TRA (mamlaka ya mapato), na bima waambiwe, kwa hiyo usiondoke dukani bila risiti na nyaraka za injini hiyo. Kufungua kulifika kama asilimia 80 ya kubadilisha. Asilimia 20 si tofauti kubwa, ila kwa upande mmoja nilijua kilichomo.

Ukiamua kununua, usinunue injini iliyo sakafuni kwa kuitazama. Fungua kifuniko cha oili uangalie tope jeusi. Mwombe muuzaji betri, izungushwe kwa stata na upime kompresheni papo hapo. Chungulia kwa kamera ndogo kwenye matundu ya plagi: alama za msalaba ukutani zikionekana ni dalili nzuri, mistari ya wima ni mbaya. Linganisha throto yako na yake, ya waya au ya umeme, na umbo la sampo kama moja ni ya foo-wili. Baki na kompyuta ya gari lako. "Garantii ya kuwasha" haina maana kwa injini inayokula oili, maana itawaka vizuri tu.

Injini ilishushwa yote. Baada ya kutoa silinda hedi nilikwangua pete ya masizi juu ya kila silinda kwanza, kwa sababu ukisukuma pistoni bila kufanya hivyo unaharibu mifereji. Ringi za oili zote nne zilikuwa zimenata, matundu meusi kabisa. Silinda nilizipima juu, katikati na chini, kwa urefu wa injini na kwa upana. Kipenyo cha silinda mpya ni milimita 79.00, tofauti kubwa niliyoipata ilikuwa 0.02. Kwenye krenki nilipitisha ukucha. Mkwaruzo unaoshika ukucha ungemaliza biashara palepale.

Jiwe la honi, la kusugua ukuta wa silinda, lilipita kidogo tu, kuondoa mng'ao na kurudisha alama za msalaba. Halafu bloku ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni, ikasuguliwa kwa brashi mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Petroli peke yake haitoi unga wa jiwe, na unga huo unakula ringi mpya ndani ya wiki chache. Sehemu hii fundi wengi wanairuka.

Kila ringi ina alama inayotazama juu, na midomo ya ringi isipangwe mstari mmoja. Bolti za konrodi zinakazwa kwa Nm 20 kisha zinazungushwa nyuzi 90 zaidi. Silinda hedi Nm 49 kisha nyuzi 90, baada ya kukausha matundu ya bolti kwa upepo. Maji au oili vikibaki chini ya bolti vinaweza kupasua bloku. Silikoni ya sampo ni uzi mwembamba. Ikifurika ndani inakatika na kwenda kuziba chujio la pampu, na hapo umeua beringi mpya kwa silikoni.

Kabla ya kuwasha nilichomoa nozeli na koili, nikazungusha kwa stata mpaka taa ya oili ikazima. Oili ni 5W-30, lita 3.7 na filta. Ile 20W-50 inayopendekezwa kupunguza moshi inachelewesha VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka), ambayo inaendeshwa na presha ya oili kupitia vijia vyembamba. Haikuachwa ikiunguruma sailensa saa nzima. Iliendeshwa kwa mwendo wa kupanda na kushuka, bila kubebeshwa mzigo, na oili ikamwagwa kwenye kilomita 800.

Ilitoa moshi siku tatu, ile oili ya zamani iliyolala kwenye eksozi na katalisti. Kati ya kilomita 1,000 na 4,000 niliongeza jumla ya mililita 300. O-ringi ya tenshena imeanza unyevu tena. Nadhani niliibana kavu, na nitaitoa kwenye sevisi ijayo.