Mkataba wa mtumbwi uliogoma kuonekana

Nina steshenari Mwanga, Kigoma mjini. Kompyuta ya kaunta niliiwekea Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, nilipochoka na virusi vya flashi za wateja. Sijajuta, ila kuna mchana mmoja ilinitoa jasho.

Saa nane aliingia mzee wa Kibirizi. Niliwahi kumchapia mkataba wa kuuziana mtumbwi wa dagaa. Nakala yake imelowa, na boti anayosafiri nayo inaondoka saa kumi. "Mwanangu, si unao humo ndani?" Nikamwambia kaa hapo mzee wangu, dakika moja tu.

Nikaandika locate mkataba, amri ya kutafuta faili kwa jina. Ikanimwagia mikataba ya pango, ya viwanja, hata mmoja niliokuwa nimeufuta asubuhi ile. Wa mtumbwi haumo. Nikahamia amri nyingine ya kutafuta, find . -name *mkataba*, nayo ikagoma, inadai njia za folda zitangulie masharti. Hapo kosa ni langu. Nyota ikiwa wazi, bila alama za kunukuu, sheli (programu inayopokea amri ninazoandika) inaimeza kabla find haijaiona: inaweka majina ya faili zote zinazofanana nayo kwenye folda niliyomo, na find inapokea msururu isiouelewa. Bora hata ilipiga kelele. Lingekuwepo faili moja tu lenye jina hilo, ingelitafuta hilo peke yake na kukaa kimya. Nikaweka alama za kunukuu, '*mkataba*', nikaipeleka kwenye folda yangu yote ya nyumbani. Ikaleta mikataba ile mingine, wa mtumbwi patupu.

Mzee akanitajia jina la mtumbwi, limeandikwa ndani ya mkataba. Nikapiga grep -r, amri inayotafuta maneno ndani ya faili, kwa jina hilo. Kazi bure, maana mkataba niliuhifadhi kama faili la .odt, nalo ni zipu. Maneno yake yamebanwa na grep haiyaoni. Saa tisa kasoro, na mzee ameshaanza kutazama saa ya ukutani.

Ndipo nikakumbuka kuwa kazi za zamani nilizihamishia diski ya nje, na ilikuwa imechomekwa pale pale pembeni ya printa! Nikatafuta ndani ya /media, zinakopachikwa diski za nje, kwa -iname isiyojali herufi kubwa au ndogo: find /media -iname '*mtumbwi*' na faili likajitokeza: MKATABA wa Mtumbwi.odt. Kumbe jina nililianza kwa herufi kubwa, na mimi nilikuwa natafuta kwa ndogo. Nikatoa nakala tatu, mzee akaondoka mbio bila kungoja chenji.

Jioni nikarudi kwenye locate, maana ndiyo niliyokuwa nikiiamini. Yenyewe haipekui diski. Inasoma daftari la majina ya faili linaloandikwa na programu ya updatedb, kwa kawaida mara moja kwa siku. Ndiyo maana faili nililolifuta asubuhi lilikuwa bado linahesabiwa hai. Ukiongeza -e inahakikisha kwanza kama lipo. Nikafungua /etc/updatedb.conf, faili la mipangilio yake. Kwenye mstari wa PRUNEPATHS, kati ya njia za kurukwa, imo /media. Diski yangu haikuwahi kuandikwa kwenye daftari hata siku moja.

Ningeweza kuifuta /media pale, mambo yakaisha. Sikupenda. Flashi za wateja nazo zinapachikwa humo humo, na sitaki majina ya faili zao yabaki kwenye kompyuta yangu wakishaondoka. Nikaona heri diski nayo iwe na makazi yake: nikatengeneza folda /srv/kazi, nikaiandika diski kwenye /etc/fstab, orodha ya diski na mahali pa kuzipachika, kwa UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho, na neno nofail ili kompyuta iwake hata siku nimeisahau nyumbani. Kisha sudo updatedb, halafu locate -i mtumbwi. Njia nzima ikatokea, /srv/kazi mwanzo hadi .odt mwisho.

Shida ndogo imebaki. Daftari likiandikwa wakati diski haipo, majina yake yote yanatoka. Kwa hiyo asubuhi nikishaichomeka na kuwasha kompyuta, napiga sudo updatedb kwanza, printa baadaye.