Folda ya Tux Math iko wapi?

Mwaka 2008 nilikuwa fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo kimoja mjini Morogoro. Mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulikuwa haujatua Dar es Salaam, ulikuja mwaka uliofuata, kwa hiyo intaneti yetu ilitegemea dishi la setilaiti juu ya paa. Mvua nzito ikianza tu, kazi inasimama. Kompyuta zilikuwa na Ubuntu 8.04, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, tuliyoiweka kwa zile CD zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta.

Alasiri moja akaja mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Alitaka Tux Math, mchezo ambao vimondo vinashuka na hesabu zake: usipoandika jibu mapema, kimondo kinakuangukia. Shuleni kwao walikuwa wamepewa kompyuta zenye Ubuntu ileile, lakini intaneti hakuna. Nikaandika `sudo apt-get install tuxmath`, amri ya kupakua mchezo na kuuweka kwenye kompyuta, nikampa kiti, tukaongea habari za mvua na mishahara mpaka mistari ikaacha kukimbia kwenye skrini.

"Tayari, Mwalimu."

"Tayari wapi, mwanangu? Mbona sioni kitu?" Akatoa flashi kwenye mfuko wa shati, imefungwa uzi wa kiatu ili isipotee. "Nionyeshe folda yake niibebe."

Alikuwa amezoea Windows, ambako michezo midogo mingi unaikuta imejaa kwenye folda moja, unanakili, unaondoka. Nikaandika `which tuxmath`, kuiuliza kompyuta programu iko wapi. Jibu: `/usr/games/tuxmath`.

"Si hiyo hapo! Weka."

"Hiyo ni ya kuuwasha tu. Picha na sauti haziko humo." Nikampigia `dpkg -L tuxmath-data`, amri ya kuorodhesha mafaili ya kifurushi, orodha ikateremka: mafaili chungu nzima chini ya `/usr/share`. Na maktaba za SDL, yaani mafaili saidizi yanayochora na kutoa sauti, zilikaa kwingine kabisa, kwa kuwa programu nyingine nazo zinazitumia.

Akavua miwani, akaisogelea skrini.

"Kumbe ni kama jikoni kwa mama watoto. Sufuria na sufuria, vikombe na vikombe. Ukitafuta kabati la chai, halipo."

Tangu siku hiyo nimefundisha wengi mpangilio huo wa mafaili, na sijapata maelezo mazuri kuliko yale.

Kilichomfaa kilikuwa `/var/cache/apt/archives`, mahali ambapo apt-get huacha vifurushi ilivyopakua, yaani mafaili ya .deb. Nikachagua mafaili ya .deb ya mchezo na ya maktaba zilizokuja nao, nikayatia kwenye flashi. Yeye akaandika kwenye daftari lake la maandalio ya somo, kwa mwandiko wa ubaoni: ingia kwenye flashi, halafu `sudo dpkg -i *.deb`. Akauliza sudo ni nani. Nikamwambia ni kuomba mamlaka ya mkuu wa mfumo.

Basi akavuta kibodi ajaribu mwenyewe, akaandika `sudo tuxmath`. Kompyuta ikajibu kwamba amri hiyo haijulikani.

"Imepotea tena!"

Haikuwa imepotea. Ukiandika jina la programu, kompyuta haipekui diski nzima, inatazama tu folda zilizotajwa kwenye orodha iitwayo PATH. PATH ya mtumiaji wa kawaida kwenye Ubuntu ilikuwa na `/usr/games`. Ile ya sudo haikuwa nayo.

"Yaani mkuu hana ruhusa ya kucheza?"

"Kwa njia hiyo, hana."

Alicheka mpaka wanafunzi wa nyuma wakageuka. "Safi kabisa. Jumatatu namweleza mkuu wangu wa shule."

Akafuta sudo, akabonyeza Enter, Tux, pengwini wa mchezo, akatokea. Nilichelewa kufunga maabara jioni ile, maana mzee alikataa kuinuka kabla hajamaliza vimondo vya kuzidisha.