Mwaka wa Nyoka na Bahasha Isiyoshikika

Niliondoka Shandong, jimbo la China, mwaka 2013, uliokuwa mwaka wa Nyoka kwa kalenda ya Kichina, na nimerudi Januari 2025, Nyoka akiwa amemaliza mzunguko wake wa miaka 12 na kushika zamu tena. Mimi ni mtu wa Tanga, lakini kwa mavyaa wangu ndiko nilikoolewa na ndiko nilikozalia, kwa hiyo naomba nisisahihishwe ninapopaita nyumbani.

Wenzangu mliopata kuishi huko mnaijua asubuhi ya kwanza ya mwaka mpya wa Kichina: fataki zimelia usiku kucha, hakuna anayethubutu kushika ufagio asije akaifagilia nje bahati ya nyumba, na kabla jua halijachomoza watoto wamekwisha kujipanga sebuleni, wakipiga magoti mbele ya bibi mmoja baada ya mwingine na kuinamisha vichwa hadi sakafuni. Bibi huwainua, kisha kwa mikono miwili humpa kila mmoja bahasha nyekundu yenye noti mpya, ambazo babu alizifuata benki siku nyingi kabla. Kwetu tungesema ni mkono wa Idi, ila huu una kazi ya ziada: pesa hiyo huitwa yasuiqian, na wazee husimulia kwamba ikilazwa chini ya mto humzuia zimwi Sui asimguse mtoto kichwani akiwa usingizini.

Basi nilitua na bahasha 30, noti zimenyooka kama zilizopigwa pasi, na hakuna bahasha niliyoitia kiasi chenye namba 4 ndani yake, kwa kuwa kwa Kichina nne hutamkwa karibu sawa na kifo. Sijamaliza kuvua viatu, wifi yangu akaniambia kwa upole, “Wifi, hizo ziweke tu, watoto wote wako kwenye kundi.” Kundi la simu, alimaanisha. Bahasha za simuni, yaani pesa inayotumwa kundini kwa programu ya simu, zilianza kuenea mwaka 2014, mara tu baada ya mimi kuondoka, na mume wangu hakuona sababu ya kunieleza.

Fataki nazo zimepigwa marufuku mjini kwetu kwa ajili ya moshi na moto, na jiaozi, vile vitumbua vya unga vyenye kujazwa ndani, tulizokuwa tukizikunja pamoja mpaka usiku wa manane zilitoka dukani zimeganda, hayo nimeyameza. Lililonikwama ni meza ya mkesha. Samaki alibaki, kama desturi inavyotaka, kwa kuwa neno la samaki na neno la ziada hutamkwa sawa, lakini safari hii alibaki karibu mzima. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kumlia. Runinga ilikuwa ikijitangazia lile tamasha linaloonyeshwa kila mkesha tangu 1983, na vichwa vya watoto, naapa, viliinama kweli, isipokuwa viliinamia viganja vyao, kila mmoja akisubiri bahasha idondoke aiwahi kabla ya mwenzake. Programu hugawa kiasi kwa bahati nasibu. Aliyepata kubwa hupigiwa makofi, na shukrani ni katuni ndogo inayopiga magoti na kugonga kichwa chini, tena na tena, bila kuchoka.

Kwa anayejiandaa kurudi, ushauri wangu ni huu: unganisha kadi yako ya benki ya huko na simu kabla ya kupanda ndege, kwani mgeni asiye na pochi ya simuni huonekana bahili, kumbuka kwamba bahasha moja ya simuni kwa kawaida haizidi yuani 200, na usiache noti mpya nyumbani hata wakikucheka. Mpwa wa mume wangu, wa miaka sita, aliigeuza bahasha yangu mara mbili akitafuta mahali pa kuelekezea kamera.

Mwanangu, ambaye muda wote tulipokuwa Tanga nilimfundisha kupiga magoti kwa ajili ya asubuhi ile, aliingizwa kundini saa tano usiku na kujipatia yuani 0.07. Mavyaa, ambaye mwanawe ndiye aliyekuwa akigawa bahasha kwa simu, kwa jina la mama, aliniuliza chini kwa chini mtoto amepata ngapi. Nikamwambia nyingi.