Kamba ya katani na bibi asiyejua mwaka wake

"Mwalimu, wewe ulikuwepo Wajerumani walipokuja?"

Aliyeuliza ni binti wa darasa la nne, dawati la mbele, na wala hakuwa anatania. Nina miaka arobaini na moja. Darasa zima lilinyamaza kusubiri jibu, nikaelewa kwamba kwao mimi, Wajerumani na Nabii Nuhu wote tumo kapu moja, kapu la "zamani".

Wiki tatu nilikuwa nawaandikia tarehe ubaoni. Wananakili vizuri, wanapigia mstari kwa rula, lakini ukiuliza kipi kilitangulia, Uhuru au vita vya 1914, wanabahatisha. Tarakimu nne kwao ni kama namba ya simu ya mtu wasiyemjua.

Nikanunua kamba. Hapa Tanga kamba ya katani haikusumbui kuitafuta, nikachukua mita thelathini. Wazo langu: kila mwaka shubiri moja, kila tukio fundo, na tuanzie leo turudi nyuma. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Kila mtoto alipima kwa mkono wake, mmoja ana kiganja cha mtu mzima, mwingine cha chekechea, tukajikuta tuna 1961 mbili. Tena mafundo yanakula kamba. Kila ukifunga moja, miaka iliyobaki inasogea. Mtu yeyote anayefunga mbuzi analijua hilo. Mimi na stashahada yangu sikulijua.

Kesho yake tukakata kijiti cha sentimita 20, hicho ndicho kikawa mwaka. Mita moja miaka mitano. Badala ya mafundo, nikaomba vipande vya kanga kwa fundi cherehani wa jirani, tukavifunga juu ya kamba. Nikawaambia waende nyumbani wakaulize: mama kazaliwa lini, bibi kazaliwa lini.

Asubuhi bibi mmoja alinifuata mlangoni, kajitanda kanga, kamshika mjukuu mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu tangu jana ananihoji mwaka niliozaliwa. Kuna hela zinagawiwa, au mnataka kunizika?"

Nikamweleza. Akacheka, akasema mwaka haujui, hapakuwa na wa kuuandika. "Ninalojua, siku ya Uhuru mama alinifunga mgongoni akaenda ngomani. Nilikuwa sijasimama dede."

Nikamwomba ayarudie maneno hayo mbele ya darasa. Nikawauliza watoto: tumfunge wapi? Wakabishana kweli. Mtoto ambaye hajasimama ana miezi mingapi? Wenye wadogo zao nyumbani ndio waliogeuka wataalamu siku hiyo. Uhuru ni Desemba 1961, kwa hiyo wakahesabu miezi kurudi nyuma na kufunga kipande chake karibu kabisa na Uhuru, mkono wa kushoto. Sikuwa nimepanga somo la ushahidi, ila ndilo lililofanyika. Kisha mjukuu akakiona kipande cha Muungano, 1964, vijiti vitatu upande wa huku, akapiga kelele: "Bibi ni mkubwa kuliko Tanzania!" Bibi akasema ndiyo maana magoti yanamuuma.

Baada ya hapo sikuhitaji kuwasukuma. Kutoka kwa bibi hadi 1914 ni mita tisa na kitu, wakazitembea wenyewe. Niliwasimulia jinsi askari kama elfu nane wa Uingereza, wengi wao kutoka India, walivyoshuka Ras Kasone Novemba ile, wakarudishwa baharini na jeshi la Wajerumani chini ya kamanda Lettow-Vorbeck, la watu wapata elfu moja, wengi wao askari Waafrika. Na nyuki, bila shaka. Ukifundisha vita hivi Tanga ukasahau nyuki, utakumbushwa. Wakataka kujua nyuki walikuwa upande gani. Nikawaambia waliuma pande zote mbili, ingawa wapo waliodai Wajerumani waliwatega. Kijana wa nyuma akasema, "Basi walikuwa wa kwetu tu."

Mita moja zaidi ya hapo tulifunga Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani 1909. Walihesabu vijiti: vitano. Kumbe vita vinapiganwa mshairi wao ni mtoto wa chekechea! Hilo liliwashangaza kuliko mizinga yote.

Mwisho wa kamba tuliweka 1893, mwaka ujenzi wa reli ulipoanzia hapa Tanga. Ilifika Moshi 1911, vijiti 18. Walisema mafundi walikuwa wavivu, ikabidi tuzungumze juu ya milima, majembe, na nani hasa alikuwa akichimba. Mwaka huohuo wa 1893 mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida. Miche elfu moja ilisafirishwa, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Darasani kwangu wako 71. Nikawaambia tisa watoke, waliobaki ndio mkonge wote. Kisha nikawauliza wameshika nini mkononi. Ilichukua muda kidogo, halafu mmoja akainusa kamba.

Sisemi sasa wote wanajua tarehe. Kamba ni moja, watoto ni 71, kipindi ni dakika 40, na walio katikati huona kisogo cha mwenzao zaidi ya karne ya ishirini.

Wiki iliyopita mwalimu wa michezo aliiazima kwa kuvuta kamba bila kuniambia. Nilipoirudisha darasani vipande vilikuwa vimeteleza huku na kule. Nikaanza kulalamika, lakini binti wa dawati la mbele alikuwa ameshainama anakagua, kijiti mkononi.

"Mwalimu," akasema, "hapa nimemzaa mama."