Faranga 3,100 kwa macho mawili: leza yangu ya macho hapa Uswisi

Chumba cha kuogea cha nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa Winterthur, hakina dirisha. Ukifungulia maji ya moto, dakika mbili hazipiti miwani imeshakuwa ukungu mtupu, na mikono yako yote miwili imemshika bibi wa miaka 91 ambaye akiteleza tu, nyonga imekwenda. Nimeogesha watu hivyo miaka saba. Nasukuma miwani kwenye paji la uso kwa kiwiko, halafu naendelea kwa kupapasa, maana namba yangu ilikuwa -5.50 kulia na -5.25 kushoto. Bila miwani, kuona kwangu kuliishia shibiri moja kutoka puani. Lenzi za kuvaa juu ya jicho nilijaribu. Zamu ya usiku na hewa ya kipasha-joto zilinikausha macho hadi yakawa mekundu kama ya mvuvi.

Kwa hiyo leza. Ila huku ni Uswisi, na wenzangu mlioko huku mnajua maana yake.

Bima ya lazima haigusi jambo hili. Tangu 2011 watu wazima hawapewi hata zile faranga 180 za miwani. Watoto walirudishiwa mwaka uliofuata, sisi basi. Leza hulipiwa katika hali chache tu, kama namba za macho mawili zikipishana sana na lenzi za kuvaa hazikufai. Zangu zilipishana kwa robo. Nikajua mapema kwamba hii ni pesa ya mfukoni mwangu.

Bei ya kwanza niliyopewa, Zürich, ilikuwa faranga 5,400 kwa macho yote mawili. Nikapiga simu Konstanz, Ujerumani, ng'ambo ya mpaka, tunakokwenda kununua nyama Jumamosi. Walikuwa nafuu kidogo, lakini ukijumlisha nauli za kurudi mara tano kwa uchunguzi, na siku za kuomba ruhusa kazini, nafuu yenyewe inayeyuka. Dada yangu akasema njoo Nairobi, siku hizi inafanyika. Watu wengine wakaniambia Istanbul, hoteli ndani ya bei. Mama, kwa simu kutoka Tanga, alisema neno moja tu: "Mwanangu, jicho halina spea." Nikaamua popote nitakapofanyia, daktari aliyenipasua awe mahali ninapoweza kufika kwa treni siku nikiamka jicho linauma.

Halafu nikaona tangazo: kuanzia faranga 990 kwa jicho. Nilikwenda mbio, nakiri. Pale mezani ndipo ikajulikana kwamba bei ile ni ya watu wenye namba ndogo. Yangu ilipanda hadi 1,900 kwa jicho, matone na marudio mbali. Bado ilikuwa chini ya Zürich. Vipimo vilichukua dakika kumi, kijana mwenye tabasamu akaniambia konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ni nyembamba kidogo lakini hakuna shida, kuna nafasi Alhamisi, nikilipa leo napunguziwa. Hiyo "hakuna shida" na "lipa leo" kwa pumzi moja ndiyo iliyonitoa pale. Sikulala usiku ule. Macho yangu ndiyo mkate wangu.

Mahali pa tatu, zahanati ndogo ya madaktari wawili, hawakukubali hata kunipima kabla sijakaa wiki mbili bila lenzi za kuvaa, kwa sababu lenzi huikandamiza konea na vipimo vinadanganya. Nilipokwenda, nilipimwa karibu saa mbili nzima. Daktari, mama wa makamo, aligeuza skrini yake nione: ramani ya jicho langu, kijani katikati, manjano pembeni. Konea yangu unene wake ni mikroni 480, haifiki nusu milimita. Kwa watu wengi huwa 540 hivi. Akachukua kalamu na karatasi kama mwalimu wa hesabu. Kwa LASIK, aina mojawapo ya leza, akasema, wanakata kifuniko chembamba cha mikroni 110, kisha leza inakula kama 80 kuondoa namba yangu. Chini ya kifuniko zinabaki 290. Mwisho kabisa ambao hawatakiwi kuuvuka ni 250, na yeye hapendi kusogelea ukingo, kwa sababu konea iliyodhoofika inaweza kuvimba mbele baadaye, na hapo hakuna matone yanayoirudisha. Akapiga mstari chini ya ile 290 mara mbili.

"Wewe nakufanyia ya juu," akasema. Ya juu ni PRK, njia ya zamani zaidi: hakuna kifuniko, leza inaondoa ngozi ya juu ya konea, inachonga, na ngozi inaota upya yenyewe. Inauma zaidi na kuona kunarudi polepole. Lakini inaacha unene mwingi, na kwa kuwa mashine ya kukata kifuniko haitumiki, bei yake iko chini. Faranga 3,100 macho yote mawili, na humo mna vipimo, matone, marudio ya mwaka mzima, na kurekebisha kama namba itabaki. Nilimwomba aiandike yote hiyo. Akaandika, akapiga sahihi.

Nilingoja Novemba, jua likiwa dogo, kwa sababu baada ya PRK mionzi ya jua ni adui. Likizo nilichukua yangu mwenyewe, siku kumi.

Siku yenyewe haikuwa na nusu kaputi, ni matone ya ganzi tu. Kope zinabanwa, unatazama taa ya kijani inayopepesa, mashine inatatarika. Nilihesabu hadi 43. Kilichonishtua ni harufu: ile ile ya saluni ya Ngamiani, kwetu Tanga, kitana cha moto kinapopita kwenye nywele. Halafu maji ya baridi sana, halafu lenzi laini ya kufunika kidonda.

Usiku wa pili nisiufiche. Ni kama kumwagiwa mchanga wa pwani ya Raskazone machoni huku mtu anakukatia vitunguu. Rafiki yangu wa Bujumbura alilala kwangu siku nne, akinipikia uji na kunitilia matone kwa saa, akinisomea ujumbe wa simu kwa Kiswahili chake cha Buyenzi, mtaa wa kwao. Siku ya tano lenzi ikatolewa. Wiki mbili dunia ilikuwa kama nyuma ya kioo chenye mafuta, na niliogopa. Wiki ya sita nilisoma mstari wa chini kabisa wa ubao. Mpaka leo nasafiri na matone ya ukavu mfukoni.

Niliporudi kazini, yule bibi wa miaka 91 alikataa nisimguse. Kumbukumbu zake zinapotea, na mimi alikuwa ananijua kwa miwani yangu myekundu. Alimwita muuguzi, akasema kuna mgeni bafuni. Kesho yake nikang'oa vioo kwenye ile fremu kwa bisibisi ndogo, nikaivaa. Akanitazama, akanyoosha mkono. Naivaa kila Jumanne na Ijumaa, siku zake za kuoga, na mvuke ukijaa namwona mpaka vidole vya miguu.