Dawa ya konokono na mbwa wa nyumbani

Zile punje za bluu au kijani za kuua konokono, hasa zenye sumu iitwayo metaldehaidi, huchanganywa na pumba au kitu kitamu ili konokono azifuate. Mbwa naye huzifuata. Ukirundika konzi nzima kwenye shina la sukuma wiki, atazilamba zote kwa mkupuo. Zitawanye punje chache chache kama lebo inavyoelekeza, na mfuko ufungie kabatini. Mbwa hutoboa nailoni bila taabu.

Dalili huweza kuanza ndani ya nusu saa: mate kumtoka, kuhema, kuyumba, kisha mwili mzima kutetemeka hadi degedege. Joto la mwili, ambalo kwa mbwa kwa kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi, laweza kupita 41. Kiuasumu chake hakuna. Maziwa hayasaidii, na kumnywesha maji ya chumvi atapike ni kumwongezea sumu. Akishaanza kutetemeka usimtapishe kabisa, matapishi yataingia mapafuni. Mkimbize kwa daktari wa mifugo, na pakiti uibebe.

Chambo cha konokono chenye fosfeti ya chuma hakina hatari kubwa hivyo kwa mbwa, ingawa akila pakiti nzima kitamdhuru pia. Kwa bustani ndogo, okota konokono usiku kwa tochi.