Zamu yangu na kitanda namba 4

Saa 10:30 alfajiri natoka nyumbani Manzese. Jirani yetu, bondia wa zamani, ameshakaa barazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unakwenda kazini?"

"Ndiyo babu."

Sijafika hata kwenye kona, ananiita: "We binti, unakwenda wapi giza lote hili?" Huwa namjibu kama vile ndiyo kwanza ameniuliza.

Saa 1:30 asubuhi, makabidhiano kwenye wodi ya wagonjwa mahututi. Kitanda namba 4 ni kijana wa bodaboda, aligongwa juzi usiku, hakuwa na helmeti. Kipimo cha fahamu cha Glasgow, kile cha kuanzia 3 (hana fahamu kabisa) hadi 15 (fahamu kamili) ambacho kimekuwepo tangu 1974, kilisoma 13 alipoletwa. Baada ya saa chache kikawa 6. Sasa amelazwa kwa dawa ya usingizi, mashine inampumulia, kichwa tumekiinua nyuzi 30. Namulika macho kwa tochi: mboni zote mbili zinasinyaa, ziko sawa. Naandika. Hili nalirudia kila saa, kwa hiyo saa nitakazoziruka hapa chini jua tochi ilipita.

Saa 4, mama yake anaingia. Namwamkia, haitikii.

"Nesi, huyu aliongea. Alinipigia mwenyewe palepale barabarani, akasema mama nimeanguka, usihofu. Sasa mmemfanya nini?"

Nimeulizwa hivyo mara nyingi na bado tumbo hunikaza. Nikamwambia: "Mama, kichwa huumia mara mbili. Mara ya kwanza ni barabarani. Ya pili inaendelea humo ndani, taratibu, na hiyo ndiyo tunayopambana nayo." Kwake niliishia hapo. Kwenu nitarefusha.

Nyuroni, yaani seli za neva za ubongo, hupelekeana habari kwa kudondosheana kemikali, na mojawapo kubwa ni glutamati. Siku ya kawaida ni tone tu, na seli za pembeni ziitwazo astrosaiti hulizoa mara moja. Seli zilizopasuliwa na pigo humwaga ndoo nzima. Jirani zao wanashtuliwa kupita kiasi, milango yao inabaki wazi, kalisiamu inajaa ndani. Kalisiamu hiyo huamsha vimeng'enya vinavyoanza kukata protini za seli yenyewe. Mitokondria, zile zinazotengeneza nishati, zinaimeza kalisiamu mpaka zenyewe zinavimba na kuzima. Pampu za kutoa sodiamu zinakosa nguvu, sodiamu inabaki ndani, maji yanaifuata, seli inavimba. Mguu ukivimba ngozi hutanuka, fuvu halitanuki. Shinikizo linapanda, mishipa inabanwa, damu inapungua, na seli zilizokuwa salama zinaanza kukosa oksijeni nazo. Hapo mzunguko unaanza upya. Huchukua saa, hata siku. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga simu, halafu akazimika.

Mtaniuliza kwa nini tusiizibe hiyo glutamati. Miaka ya 1990 dawa za namna hiyo zilijaribiwa kwa binadamu. Kwa panya zilikuwa zimefanya vizuri. Kwa watu hakuna iliyoonyesha faida. Steroidi nazo zilitumika miaka mingi kwa imani kwamba zinapunguza uvimbe, hadi mwaka 2004 utafiti wa CRASH, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000, ulipoonyesha kwamba waliopewa walikufa zaidi: asilimia 21 ndani ya wiki mbili, dhidi ya 18 kwa wasiopewa. Kwa hiyo kilichobaki mkononi mwangu ni vitu visivyo na makeke: hewa, presha, joto, sukari, chumvi.

Saa 6 mchana namvuta makohozi. Oksijeni inashuka: 95, 91, 88. Narudisha mpira wa mashine ya kupumulia, nasubiri. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni, na huu wa leo hauna akiba. 90. 94. Nilikuwa nimebana pumzi mimi.

Saa 7, joto 38.6. Joto likipanda seli zinataka nishati zaidi, wakati hata ile kidogo haipo. Parasetamoli, feni, sampuli ya makohozi maabara. Presha ya juu naiangalia isishuke chini ya 110. Wali maharage nimekula nimesimama.

Saa 9 daktari mwanafunzi anaishika picha ya CT, ile ya kuona ndani ya kichwa, juu ya mwanga. "Sista, mbona hapa katikati pako safi? Akiamka si atakuwa mzima?" Namwambia asimwahidi mama chochote. Kichwa kikitikisika ghafla, nyuzi ndefu za nyuroni huvutwa, na mara nyingi CT haizioni. Ndani ya nyuzi hizo mna mirija inayopitisha mizigo ya seli, na protini iitwayo tau ndiyo inayoishikilia. Uzi ukivutika, tau inaweza kuachia mirija, ikaanza kushikamana yenyewe kwa yenyewe. Wanaopigwa kichwani mara kwa mara, mafundo ya tau huweza kuendelea kuenea miaka mingi baada ya pigo la mwisho. Daktari Martland aliwaandika mabondia wa namna hiyo huko Marekani mwaka 1928, ila uhakika wa ugonjwa wao hupatikana kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo. Nilimfikiria babu wa barazani. Sikumtaja.

Saa 1:30 usiku nakabidhi. Daladala imejaa, nasimama hadi Manzese. Babu yupo palepale. "Unakwenda kazini?" Natoka kazini, babu. "Haya, pole."

Saa 4 usiku, ujumbe kutoka kwa mwenzangu wa zamu: "Mboni sawa. Joto 37.6. Sodiamu 141. Mama yake kalala kwenye benchi, nimemfunika na ile kanga yako uliyoiacha."